Mti wa upinde umepasuka, umepinda au umelegea? Angalia kwanza maji yametokea wapi

Mwezi wa nane kijana mmoja wa Sikonge kanipigia simu, "kaka mkole wa huku kwetu mbovu, nimekata minne ya kuchongea pinde, yote imepasuka." Nikamuuliza imepasukia wapi, nchani au ubavuni? Akasema imepasuka tu. Ilianza siku ya ngapi? Hakumbuki. Uliiweka wapi? Juu ya bati, ili iwahi kukauka. Basi hapo sikuwa na swali jingine.

Tatizo letu ndo hilo, tukiona ufa tunalaumu mti. Mti haujafanya kosa lolote, ulikuwa umejaa maji na maji yakatoka vibaya, na ufa wenyewe ukiuangalia vizuri unakwambia yametokea wapi na kwa kasi gani. Kwahiyo humu sitaanza na "hatua ya kwanza, hatua ya pili", naanza na unachokiona kwenye mti wako halafu tunarudi nyuma kutafuta kilichosababisha.

Mi nachonga pinde hapa Tabora mjini, nyingi ni za vikundi vya ngoma na watu wanaopenda kulenga shabaha, mara chache wazee wa sungusungu wanaotaka ya kuweka ukutani, maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu walipoanza huku Unyamwezi na Usukuma upinde ndo ulikuwa silaha yao. Na kabla sijasahau, mti wa kwenye hifadhi haukatwi bila kibali, nenda TFS, wale wakala wa misitu, au anza na serikali ya kijiji uulize, na upinde kuwa nao hakukupi ruhusa ya kuwinda. Tuendelee.

Maneno mawili ili tusipotezane. Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha, ule uliokuwa chini ya gome. Tumbo ni upande unaokutazama wewe unayevuta.

Na kitu kimoja kuhusu maji, hiki ukikielewa mengine yote yanajieleza. Mti mbichi ukiwa na unyevu wa asilimia 60 maana yake kila gramu 100 za mti mkavu zimebeba gramu 60 za maji. Maji yanayoanza kutoka ni yale yaliyokaa kwenye matundu ya mti, na hayo yakitoka mti unapungua uzito tu, umbo linabaki vilevile. Ikifika kama asilimia 28 au 30 hivi ndo yanaanza kutoka maji yaliyoshikwa na kuta za nyuzi zenyewe, na hapo mti unaanza kusinyaa. Sasa hausinyai sawa pande zote. Kwa kufuata mzunguko wa gogo unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka gome kwenda kiini, na kwa urefu hausinyai karibu kabisa. Nyufa zote, mipindo yote na misokoto yote inatoka hapo.

NCHA ZIMEPASUKA NDANI YA SIKU MOJA MBILI

Hii ndo inawakuta wengi na ndo rahisi kuliko zote kuizuia. Nyuzi za mti ni kama mirija, maji yanapita kwa urefu mara 10 hadi 15 kirahisi kuliko yanavyopenya ubavuni, kwahiyo ukiacha ncha wazi inakauka na kutaka kusinyaa wakati kidogo tu huko ndani bado kubichi hakutaki, wanavutana, ncha inachanika.

Dawa ni kuziba ncha, na sio kesho, ni palepale ulipoangusha mti. Sisi watu wa Tabora kwenye hili hatuna kisingizio kabisa, nta ya nyuki imejaa, kila anayekamua asali ana madonge yake. Yeyusha nta kwenye kopo ulilolitumbukiza ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiliweke kopo moja kwa moja kwenye mkaa maana nta inashika moto, na ikishika usimwagie maji, funika na mfuniko tu. Paka ncha nzima na uteremke ubavuni kama sentimita 5. Kama huna nta, rangi ya mafuta mikono miwili, au gundi nyeupe ya mbao mikono mitatu, inafanya kazi. Nimeona watu wanapaka udongo, udongo wenyewe unakauka unapasuka unadondoka, umesaidia siku mbili.

Na siku zote kata mti mrefu kuliko unavyotaka, sentimita 15 kila upande za kutupa. Upinde wa mita 1.6 usikate mti wa mita 1.6 jamani.

Kama zimeshapasuka? Kata nyuma. Lakini ufa unaouona kwa macho ni mfupi kuliko ulivyo kweli, kwahiyo fanya hivi: kata kisahani chembamba cha nusu sentimita, kishike kwa vidole uvunje. Kikikatika kwenye mstari ulionyooka bila ubishi, ufa bado upo, kata kingine. Ukifika mahali kinavunjika kwa shida na kimekwaruza-kwaruza, umefika kwenye mti mzima, ziba hapo.

UFA MREFU UBAVUNI AU MGONGONI

Hapa kuna sababu mbili na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni kuacha gogo zima la duara. Gogo la duara lenye kiini katikati litapasuka, sio "linaweza" kupasuka. Si nimesema linasinyaa zaidi kwa mzunguko kuliko kuelekea kiini? Maana yake ni kama pete inayobana kwenye kidole ambacho hakipungui, lazima ikatike mahali. Wewe ukishindwa kuchagua itakatikia wapi, lenyewe litachagua, na kwa bahati yako litachagua katikati ya mgongo mzuri usio na fundo hata moja. Kwahiyo pasua siku ileile kwa kabari na shoka, anzia ncha nyembamba, fuata nyuzi zinakotaka kwenda hata kama hupendi zinakokwenda. Vimti vyembamba vya kama sentimita 5 ambavyo havipasuki vikatoa viwili, chonga upande mmoja mpaka kiini chote kitoke, huo ndo unakuwa tumbo.

Ya pili ni gome. Mtu katoa gome siku ya kwanza, mgongo umebaki uchi, upepo wa Julai unaupiga, wiki haijaisha unaona vinyufa vidogo vidogo kama nywele. Wafuga nyuki wanaochuna magome ya mizinga wanajua kwamba gome linavuka kirahisi kipindi cha mvua na kiangazi linang'ang'ania. Sasa ukikata Januari gome linatoka kama ndizi na mgongo unabaki msafi unateleza, raha kabisa, lakini hapohapo upake nta au gundi mgongo mzima. Ukikata Juni gome limeng'ang'ania, we liache kwanza, ni koti lake, utalitoa baadaye kwa panga taratibu. Ila gome lina gharama yake, nitaisema kwenye wadudu.

Ufa ulioshaingia je, mti unatupwa? Sio lazima. Angalia unaelekea wapi. Ufa unaokwenda sambamba na urefu wa upinde, uko katikati ya mkono (kipande cha kutoka kishikio mpaka ncha) na haufiki ukingoni, huo upinde utaishi nao, tia supa gluu ile nyepesi kabisa inayojipenyeza, iache ishuke, ongeza. Ufa unaokata mshazari ukatokea ukingoni, hasa karibu na kishikio, huo ni kuni, usipoteze Jumamosi yako.

Nataka niseme kitu kuhusu mafundi fenicha maana wengi wanaojifunza pinde huku ni mafundi seremala. Mmezoea mninga. Mninga unasinyaa kidogo sana, unaweza kuufanyia uzembe na bado ukatulia, ndo maana kila mtu anautaka kwenye milango. Mkole sio mninga. Mpingo ndo kabisa, ni mzito, maji yanatoka kwa uchoyo na ukiuharakisha unapasuka. Ile tabia ya kuegemeza mbao mbichi ukutani juani "itajikaukia" iacheni hukohuko kwenye vitanda.

NJE SAFI, NDANI UNALIA

Hii ilinikuta mwenyewe na niliilipia. Nilikuwa kwa ndugu zangu Urambo, msimu wa tumbaku, nikaona bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, linawaka moto, joto limetulia, nikajiambia hili si ndo tanuri lenyewe? Nikaomba, shemeji akacheka lakini akakubali, nikaning'iniza vipande vitatu vibichi kati ya majani ya tumbaku. Siku sita. Vilitoka vyepesi, havina ufa hata mmoja kwa nje, vinanukia sigara, nikarudi navyo kwa basi najiona mjanja. Cha kwanza nilipokigusa tu kwa randa kikalia tak! Nikakikata katikati nione, ndani kumejaa nyufa ndogo kama sega.

Kilichotokea ni hivi. Joto likawa kali, ganda la nje likakauka haraka na kugandia likiwa limetanuka, halafu ndani nako kukaja kukauka kukataka kusinyaa, ganda halisogei, basi ndani kukachanika. Bani la kukaushia tumbaku mwishoni linapandishwa joto mpaka kama nyuzi 70, hilo ni la kukausha kikonyo cha jani na sio mti wa sentimita 5. Bati la juani saa nane mchana na gari lililofungwa vioo mambo ni yaleyale, ukali ndo unatofautiana.

Kujua kama kipande kina ugonjwa huu kabla hujamaliza kukichonga: kata kisahani cha sentimita 2 mbali na ncha, kipasue na msumeno katikati uache kama uma wenye meno mawili. Meno yakibaki yamenyooka, sawa. Yakijikunja kuelekeana, nje kuligandia. Na kama kuna vinyufa ndani utaviona hapohapo.

Joto lina nafasi yake, lakini mwishoni, mti ukishafika kama asilimia 15 ya unyevu au chini yake. Mbichi haupelekwi kwenye moto.

UMEPINDA, UMESOKOTEKA KAMA PANGABOI

Kabla hujakata, simama uangalie gome. Mistari ya gome ikipanda inazunguka mti kama ngazi, nyuzi za ndani nazo zinazunguka, na huo ukikauka utazidi kusokoteka. Uache usimame utoe kivuli. Huwezi kushindana nao.

Ila mti mzuri nao unaweza kupinda ukiupasua, unasikia unatoa mlio na nusu zote mbili zinajikunja kuelekea upande wa gome. Hii ni kawaida, mti uliosimama umejibana, nje unavutwa na ndani unasukumwa, ukiutenganisha kila upande unapumua. Mkunjo wa kuelekea mgongoni kidogo ni zawadi, usiunyooshe, upinde utakuwa na nguvu zaidi. Mkunjo wa pembeni ndo tabu.

Ninachofanya: nachonga upinde umbo la awali ukiwa bado mbichi, kishikio nene, mikono kama sentimita 3 na upana kamili, kisha naufunga kwenye boriti iliyonyooka kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kila baada ya kiganja kimoja. Tyubu ni bora kuliko kamba, hata ile kamba yetu ya gome la myombo ambayo kwa mambo mengine sina ugomvi nayo, kwa sababu mti ukisinyaa kamba inabaki imelegea lakini mpira unaendelea kubana. Weka vijiti chini yake hewa ipite mpaka upande wa boriti, la sivyo upande ule unabaki mbichi, ukifungua unapinda siku ya pili, nawe unaanza kunitukana.

Uliosokoteka tayari ukiwa mkavu unanyooshwa kwa joto la mkaa, taratibu, mpaka usiweze kuushika kwa mkono, unausokota kinyume unaubana mpaka upoe. Baada ya hapo uache kivulini wiki nzima usiuvute, moto umenyonya unyevu wote pale na ukiuvuta leo utakatika hapohapo.

UNGA MWEUPE CHINI YA MTI, NA MADOA YA BLUU

Unga laini kama poda chini ya kipande, na vitundu kama vimechomwa na sindano, huyo ni bungua. Anakula ule weupe wa nje kwa sababu una wanga, moyo wa mti hana hamu nao sana. Sasa upinde wa mkole au mti mwingine mwembamba karibu wote ni weupe, kwahiyo umemwandalia pilau. Gome ulilolibakiza nalo ni nyumba ya wadudu wengine, wanataga pale na funza wanachimba kati ya gome na mgongo, na mgongo ndo sehemu pekee usiyoruhusiwa kuikwaruza. Hii ndo gharama niliyoisema. Kwahiyo gome lisikae zaidi ya mwezi, mwezi na nusu, nta ikiwa tayari litoe.

Kichekesho ni kwamba Tabora tuna historia na familia hii. Yule dumuzi anayemaliza mahindi, wengine wanamwita Skania, ni ndugu wa damu wa hawa wanaotoboa mbao, na huku Tabora ndo alikoanza kuonekana Afrika, kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, akiwa ametokea Amerika ya Kati. Akikosa mahindi anaishi kwenye mti mkavu bila shida. Kwahiyo usihifadhi vipande stoo moja na magunia ya mahindi, mi nilikuwa naweka humohumo, nimeacha.

Dawa ya zamani ni kichanja juu ya mafiga. Bibi alikuwa anaweka mbegu za mahindi kule juu na babu anachomeka miti yake pembeni, moshi unafukuza wadudu na vuguvugu la jiko linamalizia maji ya mwisho. Linafanya kazi mpaka leo, ila mti upelekwe pale ukiwa umeshapungua maji, na uwe juu kabisa, sio pale unapochomeka mwiko. Kama huna jiko la kuni, maji yenye boraksi kupakwa mti ukiwa bado na unyevu yanasaidia, unga ukishatoka tayari na vitundu vimejaa mgongoni chukua shoka umalize.

Madoa ya bluu au meusi ni ukungu. Unakuja kama mti mbichi umekaa mahali hewa haipiti, umefungwa kwenye nailoni au umelazwa chini. Doa la bluu peke yake halijaua mti, lakini ukibonyeza na ukucha ukazama au mti umekuwa mwepesi ukavunjika bila nyuzi, umeoza, basi. Ukungu hauoti mti ukiwa chini ya asilimia 20, kwahiyo mwezi wa kwanza ndo wa kuwa macho: kivuli, hewa, na usiguse ardhi. Mchwa nao sihitaji kumwelezea mtu wa Tabora.

UPINDE UNALALA, HAURUDI

Umechonga, umetia ugwe (kamba ya upinde), umevuta mara kumi, ukifungua ugwe upinde umebaki umekunjika kama umechoka na maisha. Karibu mara zote ni kwamba mti bado mbichi ndani. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Kwa samaki sawa, upinde ukiukunja ungali mbichi nao unakuwa mtiifu vilevile, unabaki hivyohivyo ulivyoukunja.

"Lakini umekaa miezi mitatu kaka." Miezi sio kipimo. Kuugonga usikie mlio sio kipimo, kuuweka shavuni usikie ubaridi nako ni kubahatisha. Kipimo ni mizani. Nunua ile ya jikoni ya kupimia unga, andika uzito kwenye kipande chenyewe kwa kalamu kila Jumapili. Nakupa cha kwangu cha mwaka jana, mkole uliochongwa umbo la awali: siku ya kwanza gramu 1,420, wiki moja 1,255, wiki mbili 1,160, wiki ya tano 1,040, wiki ya tisa 978, wiki ya kumi 978, ya kumi na moja 977. Ikishagoma kushuka wiki mbili tatu maana yake mti na hewa wamekubaliana.

Ukitaka kuwa na uhakika zaidi, siku ya kukata chukua kisahani kutoka mti huohuo, ndani kidogo ya ncha. Cha kwangu kilikuwa gramu 64. Kikaushe kwenye oveni nyuzi 103, au kama huna, sufuria yenye mchanga kama unavyooka keki kwa mkaa, moto mdogo kisiungue, pima kila baada ya saa mpaka uzito usishuke tena. Kilibaki gramu 40. Maji yaliyotoka ni 24, gawanya kwa 40, ni asilimia 60. Sasa gawanya uzito wa kipande kikubwa kwa 1.6, yaani 1,420 kwa 1.6 unapata kama 887, huo ndo uzito wake kingekuwa kikavu kabisa. Upinde unataka asilimia 8 mpaka 12, mi nalenga 10, zidisha 887 kwa 1.1 ni 976. Kwahiyo nilijua tangu siku ya kwanza kwamba nasubiri 976 na sikukigusa kabla.

Halafu kuna mtego wa msimu. Mti haukauki kupita hewa inavyotaka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 50 mti unatulia kwenye 9 hivi, hewa ya 65 mti ni 12, hewa ya 80 mti unabaki 16 hata ukiuacha miaka mitatu. Kwahiyo mti uliokatwa Desemba ukashinda stoo mpaka Machi, mizani imegoma kushuka, wewe umefurahi umekauka, kumbe mvua ndo imeushikilia. Usubiri Juni, Julai, utaona unaanza kushuka tena. Ndo maana mi nakata Aprili mwishoni au Mei mvua zikiaga, wiki za kwanza hewa bado ina unyevunyevu mti unakauka polepole bila kupasuka, halafu Agosti na Septemba zinamalizia.

Ukishaona umelala, acha kuvuta. Fungua, ufunge tena kwenye boriti, usubiri. Mwingine utarudi nusu, mwingine haurudi. Ukiona tumboni kuna mikunjo midogo inayokata upana kama kasoro za ngozi, nyuzi zimeshapondeka na hapo hakuna kurudi nyuma.

UMEVUNJIKA KAMA BISKUTI

Kinyume chake. Umekatika ghafla, vipande vifupi, nyuzi hazijachanika ndefu. Angalia fundo kwanza, angalia kama ulikata nyuzi za mgongo kwa panga, hizo ni sababu za kuchonga na sio za kukausha. Kama mgongo ulikuwa mzima, basi umekauka kupita kiasi, chini ya asilimia 6 hivi. Hii Tabora inatokea Septemba na Oktoba, hewa ya mchana imekauka mpaka midomo inachanika, na zaidi kwa walioacha upinde kichanjani mwezi mzima au waliounyoosha kwa moto jana wakavuta leo. Pima uzito, ukiwa chini ya lengo lako ulaze chumba cha ndani kwenye sakafu ya saruji siku kumi, au maliwatoni, usicheke, inafanya kazi, mti unavuta unyevu wenyewe.

MASIKA UMELEGEA, AU UMEHAMA NAO

Upinde uliokuwa mkali Septemba ukifika Januari unavuta kama wa mtoto. Haujaharibika, umekunywa. Nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ikipakwa na kusuguliwa na kitambaa inapunguza kasi ya kunywa, vanishi inapunguza zaidi, hakuna inayozuia kabisa. Fungua ugwe kila ukimaliza kutumia, usiuache umetiwa ugwe usiku kucha wakati wa mvua.

Nina mteja mmoja Ujiji, namtumia kwa treni. Upinde wa kwanza alilalamika umepoteza nguvu ndani ya wiki tatu, nikajua ni hewa ya ziwani, nyumba yake iko karibu na maji. Siku hizi wa kwake nauchonga mzito kuliko wa hapa kwa makusudi, nampelekea bila kumalizia tumbo, unakaa kwake mwezi mmoja bila ugwe, anaupima na mizani ya duka la jirani mpaka uzito utulie, halafu ndo anaurudisha namalizia. Nauli inaumauma, lakini wa pili anao mwaka wa tatu sasa.